Babu alizaliwa lini, na nani kasema? Kupanga vyanzo vya ukoo katika Gramps

Kila ukoo una mtu mmoja anayeandika. Ndiye anayepigiwa simu usiku wa msiba aulizwe mwaka wa kuzaliwa marehemu, ili uingie kwenye wasifu utakaosomwa kesho yake. Akijibu "1924", binamu anadakia: mbona kitambulisho kinasema 1930? Kama programu yako inaonyesha mwaka tu, bila kuonyesha umetoka wapi, huna jibu, na mwenye sauti kubwa ndiye atakayeshinda. Miaka mitano baadaye wajukuu watanakili alichosema yeye.

Ndiyo maana nasisitiza vyanzo kuliko majina. Mti wenye watu mia nne usioeleza habari zake zimetoka kwa nani ni mali ya aliyeuandika peke yake. Akiondoka, umekwisha. Mti wenye watu arobaini ambao kila tarehe yao inaonyesha ilikotoka, mwingine anaweza kuupokea na kuuendeleza.

Hapa natumia Gramps. Ni programu ya bure ya kuandika nasaba, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na haihitaji intaneti ukiwa kazini, kwa hiyo hata kijijini utaendelea kuandika. Nitataja vitufe kama vinavyosomeka kwenye menyu ya Kiingereza. Wanaotumia RootsMagic au programu nyingine watakuta majina tofauti, ila mpango ni huuhuu.

Kwanza elewa ngazi tatu

Upande wa kushoto wa Gramps utaona Repositories, Sources na Citations. Mimi naziita hifadhi, chanzo na rejeo.

Hifadhi ni mahali kitu kinapotunzwa: ofisi ya parokia, Nyaraka za Taifa za Kenya pale Moi Avenue, Nairobi, Nyaraka za Taifa Zanzibar pale Kilimani, au kabati la shangazi. Chanzo ni kitu chenyewe: kitabu cha ubatizo, daftari, barua, hati ya kiwanja, mahojiano. Rejeo ni pale mahali hasa ndani ya chanzo ulipoikuta habari: ukurasa, namba, mstari, au dakika ya sauti iliyorekodiwa.

Tuseme bibi yako mzaa baba na ndugu zake watatu walibatizwa parokia moja. Hifadhi ni moja, ofisi ya parokia. Chanzo ni kimoja, kitabu cha ubatizo. Marejeo ni manne, kwa kuwa kila mmoja ana mstari wake. Kwa Wakatoliki wa Afrika Mashariki kazi hii ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani: angalia kadi ya ubatizo, utaona namba ya LB. Herufi hizo zinasimama kwa jina la Kilatini la kitabu cha ubatizo, na namba hiyo ndiyo ya mstari wa mtu huyo. Hata kadi ikichakaa, ukiwa na jina la parokia na namba ya LB, karani atakufungulia kitabu palepale.

Gramps ilitenganisha chanzo na rejeo katika toleo la 3.4, mwaka 2012. Wengi bado wanaitumia kana kwamba havijatenganishwa: kila wakiingiza habari wanaunda chanzo kipya, mwishoni wana "Ubatizo wa Bibi", "Ubatizo Bibi 2" na "Kadi ya Bibi", vyote vikimaanisha kitu kilekile.

Amua chanzo kimoja ni nini, kabla hujaandika hata kimoja

Hapa ndipo pa kukaa na kufikiri, maana uamuzi huu ukiuyumbisha katikati ya safari utarudia kila kitu. Kuna wanaopenda kujumlisha: vyeti vyote vya kuzaliwa vya ukoo wanavifanya chanzo kimoja, kisha kila cheti kinakuwa rejeo. Kuna wanaopenda kupasua: kila cheti chanzo chake.

Kwa familia zetu napendekeza hivi. Kitabu au daftari lenye watu wengi liwe chanzo kimoja, na kila mstari uwe rejeo. Hati inayosimama peke yake (cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa usajili wa Tanzania, pasipoti, cheti cha ndoa kutoka kwa Kadhi, hati ya shamba) iwe chanzo chake. Mazungumzo ya siku moja na mzee mmoja yawe chanzo kimoja. Ukirudi kwake baada ya mwaka, hicho ni chanzo kingine, hata kama aliyesema ni yuleyule, kwa sababu kumbukumbu hubadilika na siku ya pili huenda alikuwapo mwanawe akimsaidia kukumbuka.

Makaburi: eneo zima la makaburi liwe chanzo, kila kaburi rejeo. Makundi ya WhatsApp ya ukoo: kundi moja chanzo kimoja, na rejeo liwe na tarehe ya ujumbe na jina la aliyeuandika. Usidharau makundi haya. Habari nyingi za wazee siku hizi zinapita humo kwa ujumbe wa sauti na kupotea simu inapobadilishwa.

Ukishaamua, andika uamuzi wako kwenye noti ndani ya Gramps yenyewe, iite "Utaratibu wetu". Atakayekurithi ataikuta.

Unda hifadhi na chanzo

Hifadhi ni kazi ya dakika chache. Fungua Repositories, weka jina, mahali, na simu ya ofisi kama ni ya umma. Kwa nyumba za ndugu, andika "Nyumba ya shangazi mkubwa, Tanga" bila namba ya nyumba wala simu, kwa sababu faili hili utalisambaza siku moja.

Usidhani hifadhi zote ziko karibu. Wenye asili ya Frere Town, makazi ya watumwa walioachiwa huru yaliyoanzishwa na misheni ya Kianglikana ya CMS (Church Missionary Society) karibu na Mombasa mwaka 1875, watakuta barua na taarifa za misheni hiyo katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, kwenye maktaba ya Cadbury. Iwekee hifadhi yake. Hata kama hujafika huko, ukitumiwa nakala ya ukurasa utakuwa na pa kuuweka.

Sasa chanzo. Sehemu ya Title ndiyo itakayokuokoa au kukutesa, maana orodha inapangwa kwa alfabeti. Anza na mahali, kisha aina ya kitu, kisha miaka: "Bagamoyo, kitabu cha ubatizo, 1920 hadi 1931". "Tanga, mahojiano na" halafu jina kamili la mzee, halafu tarehe. Usianze na jina la programu wala neno "Cheti", utapata vyeti themanini vilivyorundikana herufi C. Author jaza aliyeandika au aliyesema. Pub. info jaza kama kitu kimechapwa, la sivyo acha wazi. Abbreviation weka kifupi utakachokikumbuka. Namba ya chanzo, kama S0001, Gramps itaitoa yenyewe. Iandike kwa penseli nyuma ya bahasha unayotunzia karatasi ile.

Jaza rejeo mpaka mgeni aweze kulifuata

Rejeo lina sehemu tatu muhimu. Volume/Page: "uk. 47, namba 312", au "dakika 14:20". Date: siku habari ilipoandikwa kwenye chanzo, ambayo si lazima iwe siku ya tukio. Confidence: kiwango cha uhakika, ngazi tano kuanzia chini kabisa hadi juu kabisa.

Hiyo tofauti ya tarehe ina uzito mkubwa kwetu. Mtu aliyezaliwa miaka ya hamsini kijijini mara nyingi cheti chake kilitoka akiwa mtu mzima, kwa kiapo, pale alipohitaji pasipoti au ajira. Muhuri ni wa serikali, lakini aliyetoa habari ni yeye mwenyewe au kaka yake, miaka arobaini baada ya tukio. Ukiandika tarehe ya cheti kwenye Date, tofauti hiyo inaonekana mara moja. Ukiona siku ya kuzaliwa ni tarehe 1 Januari, jiulize mara mbili: makarani wengi waliijaza hiyo pale mtu alipojua mwaka tu.

Kiwango cha uhakika usikipandishe kwa kuwa karatasi ina nembo. Jiulize mambo mawili tu: aliyesema alikuwapo? Na aliandika au alisema baada ya muda gani? Daftari la parokia lililoandikwa wiki mbili baada ya mtoto kuzaliwa nalipa juu. Cheti cha kiapo cha miaka arobaini baadaye nakiacha kawaida. Mkunga aliyemshika mtoto mikononi, hata kama hajui kusoma, nampa juu kuhusu mama wa mtoto na mahali, na kawaida kuhusu mwaka.

Kisha fungua Notes ndani ya rejeo, chagua aina ya Transcript, na unakili maneno kama yalivyo. Kama padri kaandika jina la bibi kwa tahajia ya Kijerumani au Kifaransa, liache hivyohivyo, usilirekebishe. Maoni yako yaende kwenye noti nyingine ya aina ya Research. Vitu hivi viwili vikichanganyika, baada ya miaka mitatu hutajua lipi lilisemwa na kitabu na lipi ulilibuni wewe.

Lifunge kwenye tukio, si kwenye mtu

Gramps inakuruhusu kuweka rejeo kwenye mtu mzima. Epuka. Rejeo lililowekwa kwa mtu linasema tu kwamba karatasi fulani inamhusu. Halisemi inathibitisha kuzaliwa, ndoa au kifo. Fungua tukio lenyewe, nenda kwenye kichupo cha Source Citations, uongeze pale.

Utakuta vitufe viwili vinavyochanganya watu. Kimoja kinaunda chanzo kipya na rejeo jipya kwa pamoja. Kingine kinachagua kilichopo tayari. Ukishaingiza chanzo mara ya kwanza, zoea hicho cha pili. Ndani yake ukichagua chanzo, Gramps inakuundia rejeo jipya chini yake. Ukichagua rejeo lililopo, linashirikiwa: ukilirekebisha mahali pamoja, linabadilika kila lilipofungwa. Hili ndilo unalolitaka pale mstari mmoja wa ubatizo unapothibitisha kuzaliwa, kubatizwa na majina ya wazazi kwa pamoja. Ila usishiriki rejeo kati ya mistari miwili tofauti kwa uvivu wa kuandika ukurasa.

Sehemu moja inasahaulika sana: uhusiano wa mtoto na mzazi. Ndani ya familia, fungua mstari wa mtoto, nao una kichupo chake cha marejeo. Nasaba ndiyo inayogombaniwa kuliko tarehe, iwe ni urithi wa shamba au ukoo wa masharifu wa Lamu wenye shajara (orodha ya nasaba) iliyoandikwa, kwa hiyo kila kiungo cha baba na mwana kiwe na ushahidi wake. Shajara ndefu ni chanzo kimoja. Kila kizazi ni rejeo. Andika nani aliinakili, na kutoka nakala ya nani.

Wazee ni vyanzo, wape heshima ya chanzo

Mtu akinakili ukurasa wa nyaraka anaandika namba ya faili kwa uangalifu, lakini akitoka kwa bibi anaandika "habari za familia" basi. Bibi ana jina. Andika jina lake kamili, alivyo ndugu na anayemzungumzia, umri wake wakati huo, mahali mlipokaa, tarehe, lugha aliyotumia, na nani wengine walikuwapo. Kama alizungumza Kidigo au Kichaga na mtu akatafsiri, jina la mtafsiri liwe kwenye noti.

Muombe ruhusa kabla ya kuwasha kinasa sauti, na umuulize pia kipi kisiandikwe. "Shikamoo Bibi, nikirekodi hutachukia?" inatosha kuanza. Akisema jambo la siri, mtoto wa nje au ugomvi wa mirathi, Gramps ina alama ya kufuli kwenye kila rekodi. Ifunge. Unapotoa faili kwa ndugu, chagua rekodi zilizofungwa na habari za watu walio hai zisitoke.

Baada ya hapo swali muhimu kuliko yote: yeye alijuaje? Alishuhudia, aliambiwa na mama yake, au ndivyo watu wanavyosema? Weka jibu kwenye noti ya rejeo. "Aliambiwa na mama yake, ambaye alikuwapo" ni ushahidi wa aina moja, "wote tunajua hivyo" ni wa aina nyingine, na kiwango cha uhakika kifuate.

Mzee hataji mwaka mara nyingi, anataja tukio. Alizaliwa wakati wa Mtunya, njaa kubwa ya Ugogo ya 1917 hadi 1920. Baba yake alichukuliwa kariakoo kubeba mizigo katika vita vya 1914 hadi 1918. Aliolewa mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Andika maneno yake kwenye noti kama alivyoyasema, halafu kwenye tarehe ya tukio tumia kipindi: kati ya 1917 na 1920, ubora ukiwa wa kukadiria. Usimchagulie 1918 kwa sababu ni katikati. Msomaji wa baadaye ataiona 1918 na kuiamini.

Tarehe za Hijria na usiku wa Ijumaa

Ukiwa Pwani au Visiwani, jiwe la kaburi na hati ya ndoa ya zamani vinaweza kuwa na mwaka wa Hijria. Gramps ina kalenda ya Kiislamu ndani ya kidirisha cha tarehe, itumie. Ingiza kama ilivyoandikwa na uiache hivyo. Mwaka 1342 wa Hijria ulianza Agosti 1923 na kuisha mwanzoni mwa Agosti 1924, kwa hiyo ukiandika "1924" tu umeshapoteza miezi mingi. Wazee wakitaja miezi ya Mfunguo, hesabu kutoka Mfunguo Mosi, mwezi wa Idi baada ya Ramadhani, ambao ni Shawwal. Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, ni Rabiul-Awwal.

Na mzee akisema mtoto alizaliwa "usiku wa Ijumaa", kwa hesabu ya siku inayoanza magharibi huo ni usiku ambao kalenda ya ukutani inauita Alhamisi. Muulize: ni usiku wa kuamkia Ijumaa? Andika jibu.

Vyanzo vikipingana, viache vipingane

Kitambulisho kinasema 1930, kitabu cha ubatizo 1924. Ingiza matukio mawili ya kuzaliwa, kila moja na rejeo lake. Lile unaloliamini zaidi liwe juu kwenye orodha ya matukio ya mtu huyo, kwa kuwa Gramps hulichukua la kwanza kama kuzaliwa kwake. Andika noti ya sentensi mbili tatu ukieleza kwa nini umelitanguliza. Usifute lile jingine. Huenda ndilo lililotumika kwenye pensheni au hati ya kiwanja, na atakayeipata hati hiyo kesho atadhani umekosa kuiona.

Picha na skani

Piga picha ukurasa mzima, si mstari wa babu tu, na piga pia jalada la kitabu. Kabla ya kuingiza, badilisha jina la faili lianze na namba ya chanzo: S0007_uk047_na312.jpg. Weka picha zote kwenye folda moja, ielekeze Gramps kwenye folda hiyo katika mapendeleo, na uitumie kama njia ya msingi, ili ukihamia kompyuta nyingine usipoteze viungo. Picha ibandike kwenye Gallery ya rejeo, si ya mtu. Picha ya sura ya mtu ndiyo inayokaa kwa mtu.

Kama mti tayari umevurugika

Anza na vyanzo, wacha watu. Fungua Citations kwa mtazamo wa mti, ambapo marejeo yamepangwa chini ya vyanzo vyake. Vyanzo pacha vitajionyesha. Chagua viwili, nenda Edit, kisha Compare and Merge, uchague kichwa kitakachobaki. Ukimaliza, kwenye menyu ya Tools kuna chombo cha Merge Citations kinachounganisha marejeo ya chanzo kimoja yenye ukurasa, tarehe na uhakika unaofanana. Kiendeshe baada ya kutoa nakala ya akiba, na baada ya vyanzo kuunganishwa, vinginevyo kitapita bila kuona kitu.

Habari uliyoikuta haina chanzo, usiifute. Ipe chanzo kiitwacho "Haijulikani ilikotoka, imeingizwa na" halafu jina lako, na uhakika wa chini kabisa. Hiyo inakuwa orodha yako ya kazi. Mti uliopakua kwenye tovuti ya nasaba uwe chanzo kimoja chenye jina la tovuti na tarehe ya kupakua, nao uhakika wa chini, hata kama una watu elfu mbili na picha nzuri.

Nakala ya akiba na kumpa mwingine

Kwenye menyu ya Family Trees kuna Make Backup. Chagua kujumlisha picha, utapata faili moja la aina ya .gpkg. Litunze sehemu mbili nje ya kompyuta yako, moja ikiwa kwa ndugu wa mji mwingine.

Ndugu anayetumia programu nyingine atakuomba GEDCOM, aina ya faili inayosomwa na programu nyingi za nasaba. Mpe, lakini ujue kinachopotea njiani. Katika GEDCOM 5.5.1, ambayo programu nyingi bado zinaipokea, rejeo huandikwa upya ndani ya kila tukio, hivyo rejeo ulilolishirikisha mara tano litafika likiwa nakala tano zisizojuana. Ngazi tano za uhakika nazo zinabanwa ziingie nne. Kwa sababu hiyo faili la .gpkg ndilo asili, GEDCOM ni nakala ya kutazamia, na masahihisho ya huko yarudi kwako kwa maandishi uyaingize mwenyewe, kila moja na rejeo lake. Usipokee GEDCOM ya ndugu moja kwa moja juu ya mti wako. Ifungue kwanza kama mti mpya, linganisha vyanzo vyake na vyako, halafu ingiza kimoja kimoja mwenyewe.